Tuizime programu ya zamani kabla ya msimu wa korosho?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu wa AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, wilayani Newala. Malipo ya wakulima tunayakokotoa kwa programu iliyoandikwa kwa FoxPro, lugha ya zamani ya Microsoft ya kutunzia kumbukumbu, tuliyotengenezewa na kijana mmoja mwaka 2008. Yeye alishahamia Dar es Salaam na simu hapokei. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya siku nyingi, tunaiwasha kwa kuibembeleza. Sasa kuna kampuni imetuletea mfumo mpya wa simu na intaneti. Wanasema programu yetu ni ya makumbusho, akili mnemba itaihamisha kwa wiki moja, na siku msimu unapofunguliwa Oktoba tunazima ya zamani na kuwasha mpya. Mwenyekiti na bodi wameshapenda. Mimi nasita, na nimeanza kuitwa mpinga maendeleo. Kinachoninyima usingizi ni kimoja: hesabu zikipishana na mfumo ukasema kuna upungufu, atakayetafutwa ni mimi. Wewe uliyeandika programu za kompyuta kubwa za benki, ungefanyaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole na presha ya msimu.

Umeuliza kuhusu programu, lakini naona hofu yako haiko hapo. Iko kwenye siku ile mkaguzi atakapoingia na karatasi yenye tofauti, na chumba kizima kikugeukie wewe. Nitaifikia siku hiyo, maana ndiyo yenye uzito kuliko yote uliyoandika. Ila kwanza tuyachambue uliyoambiwa na hao wa kampuni, kwa kuwa mengine ni kweli na mengine ni maneno ya kuuzia.

Hilo la makumbusho ni la kuuzia. Programu haioti kutu. Ukiipa takwimu zilezile leo na miaka 30 ijayo itakupa jibu lilelile. COBOL, lugha ya kuandikia programu iliyonilisha mimi na wanangu, ilibuniwa mwaka 1959. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM walitangaza kompyuta za System/360, wakaahidi kwamba mteja akihamia mashine kubwa zaidi hatalazimika kuandika upya programu zake. Ahadi hiyo imeshikwa kiasi kwamba programu za enzi zile zinaweza kuendeshwa hata leo kwenye mashine mpya za ukoo huohuo. Mabanki makubwa duniani, kampuni za bima na mashirika ya ndege bado yanazitegemea hizo kompyuta tunazoziita meinifremu, na si kwa uvivu. Meinifremu iliundwa kwa kazi moja isiyo na mbwembwe: kupokea kumbukumbu ndogondogo kwa mamilioni, kuzishughulikia zote bila kudondosha hata moja, na kesho kuweza kueleza ilifanya nini jana. Muamala ama unakamilika wote ama haufanyiki kabisa. Haiwezekani mkulima akakatwa deni la pembejeo halafu umeme ukakatika kabla malipo yake hayajaandikwa. Kazi ikivunjika katikati, kila kitu kinarudi kilipokuwa.

Kinachozeeka ni vile vinavyoizunguka programu. Mashine inachoka, sheria zinabadilika, aliyeandika anahama na simu hapokei. Kwa upande wenu kuna la zaidi: mwaka 2007 Microsoft walitangaza kwamba hakutakuwa na toleo jingine la FoxPro, na Januari 2015 wakaacha kabisa kuihudumia. Kwa hiyo kampuni hawakosei kusema kwamba hamwezi kukaa hapo milele. Programu ya malipo ya kijiji kizima iko kwenye mashine moja ya kubembelezwa na hakuna mtu hai anayeijua ndani. Ningekuwa mwenyekiti na mimi nisingelala. Tofauti yangu na wao ni juu ya kinachotakiwa kuokolewa, na namna ya kuhama.

Programu yenu ilizaliwa karibu pamoja na stakabadhi ghalani, utaratibu wa mkulima kupeleka mzigo ghalani, kupewa stakabadhi, na mzigo kuuzwa mnadani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Tangu hapo kila uamuzi wa mkutano mkuu, kila badiliko la mjengeko wa bei, kila agizo lililoshuka kutoka juu, liliingizwa humo na mtu. Mengi hayako kwenye muhtasari wowote. Chukua mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo badala ya mnada. Ili malipo ya msimu ule yatoke, huenda kuna aliyeongeza kitu kwenye programu. Aliongeza nini? Alikitoa msimu uliofuata, au bado kimelala humo? Na unyaufu je? Korosho inapungua uzito ikikaa, mnajua. Unyaufu wa magunia yaliyolala ghala la chama wiki mbili kabla ya kwenda ghala kuu unakatwa kwa nani, kwa kiwango gani, na nani aliamua? Nina hakika jibu limo kwenye programu. Sina hakika kama limo kichwani mwa mjumbe yeyote wa bodi.

Nikupe mfano wa kukokotoa, kwa sababu watu hudhani hesabu ni hesabu, kompyuta zote zitakubaliana. Viwango hivi ni vya mfano tu. Mkulima kaleta kilo 187.5, bei ni shilingi 3,415. Mauzo ni 640,312.50. Kuna makato mawili: shilingi 27.50 kwa kilo, ambayo ni 5,156.25, na shilingi 13.25 kwa kilo, ambayo ni 2,484.375. Programu ya kwanza inaacha senti zote mpaka mwisho, inatoa, inapata 632,671.875, inalipa 632,672. Programu ya pili inaondoa senti kwenye kila mstari: mauzo yanapanda kuwa 640,313, makato yanashuka kuwa 5,156 na 2,484, inalipa 632,673. Zote mbili zimehesabu sawasawa, na zimepishana shilingi moja. Ikija ya tatu ambayo nusu ya shilingi inaishusha badala ya kuipandisha, mauzo yatakuwa 640,312 na malipo yatarudi 632,672, lakini safari hii mstari wa mauzo ndio hautakubaliana na wa mwenzake.

Shilingi moja si kitu. Ila zidisha kwa wakulima wote na kwa minada yote ya msimu, halafu weka jumla hiyo mbele ya mtu anayetafuta kosa. Hataona senti, ataona vitabu visivyofunga.

Lipo na la chini zaidi ya hapo. Kompyuta za kawaida huhesabu kwa mfumo wa mbili, yaani kwa sifuri na moja tu, na ndani ya mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki kamili, kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi kwa desimali. Ziambie zijumlishe 0.1 na 0.2 kwa namba za kawaida za programu nyingi, utapata 0.30000000000000004. Meinifremu na COBOL huhesabu fedha kwa desimali zenyewe, kwa sababu waliozitengeneza walijua zitashika pesa za watu. Mfumo mpya nao unaweza kufanya hivyo vizuri kabisa, mradi aliyeuandika amekumbuka. Muulize. Akikushangaa, umeshajibiwa.

Sasa akili mnemba. Siidharau. Inasoma programu ya zamani na kukueleza kila mstari unafanya nini kwa kasi ambayo mimi ujanani ningeiita uchawi. Itumieni, kwa kazi hiyo hasa: iwaandikie orodha ya kanuni zote zilizomo. Lakini inachokiona ni kilichoandikwa, haioni kwa nini kiliandikwa. Ikikuta mstari unaomkata mkulima mara mbili, itautafsiri kwa uaminifu uleule inaoutumia kwa mstari ulio sahihi. Na ikikuta mstari wa ajabu ambao ulikuwa uamuzi halali wa mkutano mkuu, inaweza kuusafisha ikidhani ni kosa. Kupambanua hayo ni kazi ya watu: wewe, katibu, na wale wazee wa bodi zilizopita wanaokumbuka ugomvi wa kila msimu. Wiki moja inatosha kutafsiri. Kukaa na wazee mstari kwa mstari kutachukua zaidi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Jambo moja la tahadhari: wanaoipelekea programu wapeleke programu peke yake, bila daftari la wakulima. Majina, namba za simu na za akaunti yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kuhusu kuzima na kuwasha siku moja, hapo nasema hapana bila kumung'unya. Uingereza, Aprili 2018, benki ya TSB ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya kwa wikiendi moja. Jumatatu watu hawakuona pesa zao, na wengine waliona akaunti za wenzao. Wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje. Mkurugenzi mkuu aliondoka mwaka uleule, na Desemba 2022 benki ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Hao walikuwa na fedha, wataalamu na miaka ya maandalizi. Ninyi mna Oktoba.

Nasi hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ikaja kukwama vibaya, wataalamu wakiwa wachache na wengi wao wageni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tulichelewa miaka mingi kwa sababu mashine ilitangulia watu. Kila ninapoona tangazo la mfumo mpya huwa natafuta kwenye bajeti fungu la kuutunza baada ya miaka mitatu. Mara nyingi halipo. Kukata utepe kuna wageni na soda. Kutunza hakuna mgeni rasmi. Programu yenu ya 2008 ilifika hapa kwa njia hiyohiyo, na mpya nayo itafika msipoandika kwenye mkataba nani atailea na kwa shilingi ngapi.

Halafu kuna jiografia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Mwulize mwuzaji: wakulima wako foleni na magunia, mtandao hakuna tangu asubuhi, karani wa mizani anafanya nini? Jibu linalofaa ni kwamba simu inaendelea kupokea uzito, inautunza, na mtandao ukirudi inaupeleka mara moja tu, bila kurudia. Hilo la bila kurudia ndilo la kushupalia. Gunia lililoingia mara mbili kwa sababu simu ilijaribu kutuma tena ni upungufu uliozaliwa na hewa, na jina litakaloandikwa juu yake ni la karani.

Hapo ndipo tunaifikia siku yako.

Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilifunga kwenye matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Wakuu wa matawi madogo, wengi wao watu wa dukani kijijini, walianza kuona upungufu wasioweza kuueleza. Wakipiga simu waliambiwa hakuna mwingine mwenye tatizo hilo. Mkataba uliwataka wafidie, wakafidia kwa akiba zao, kwa mikopo, kwa nyumba. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi wa mfumo huo. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliojiua. Kwa miaka ilikanushwa kwamba watu wa kampuni wanaweza kuingia kwenye hesabu za tawi wakiwa mbali. Walikuwa wanaweza. Desemba 2019 Jaji Fraser aliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuzaa upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo.

Kilichowaangamiza si kasoro. Kasoro zipo kwenye kila programu, hata za kwangu za benki zilikuwa nazo, ndiyo maana tulikuwa na watu wa zamu usiku. Kilichowaangamiza ni kwamba mahakama za kule zilichukulia kompyuta iko sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mtu wa tawini hakuwa na chochote mkononi cha kuthibitishia. Kumbukumbu zote alikuwa nazo yule anayemtuhumu. Kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaipa mahakama nafasi ya kupima kumbukumbu za kompyuta zilitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani. Mlango huo upo, lakini utapita na nini mkononi?

Utapita na karatasi. Stakabadhi ya mkulima iendelee kutoka yenye nakala. Kila jioni ya kupokea mzigo chapa orodha ya siku, wewe na katibu mtie saini, iingie kwenye faili lisilokaa ofisini peke yake. Nywila yako asiipate mtu, hata mwenyekiti, hata kwa dakika tano. Najua ofisi zetu, nywila huandikwa ukutani kama namba ya fundi bomba, lakini kila kitakachofanyika kwa nywila yako umekifanya wewe. Na kwenye mkataba kiwemo kifungu kwamba hakuna atakayebadilisha ingizo lolote, awe wa chama au wa kampuni, bila mfumo kuandika nani, lini, ilikuwaje kabla, na kwamba chama kitapewa kumbukumbu hizo kikiziomba. Kampuni ikikataa kifungu hicho, msisaini.

Umeuliza ningefanyaje. Ningehama, ila si siku hiyo. Leo, kabla ya yote, ningetoa nakala ya diski nzima ya ile kompyuta, mara mbili, kwenye diski za nje, moja ikae kwa katibu. Asiiguse fundi yeyote wa kupiga window mpaka hilo lifanyike. Kisha ningeitumia miezi hii kuandika zile kanuni na kuzithibitisha. Halafu ningewaambia kampuni: chukueni mapokezi yote ya msimu uliopita, yapitisheni kwenye mfumo wenu, mtuletee malipo ya kila mkulima tuyalinganishe na tuliyolipa. Kila tofauti, hata ya shilingi, ipatiwe maelezo. Jaribio hilo halina gharama kubwa na linasema mengi kuliko mkutano wowote wa maonyesho. Atakayelikwepa amejieleza.

Likifaulu, minada ya mwanzo ya Oktoba endesheni mifumo yote miwili, ya zamani ikiwa ndiyo inayolipa. Sitakuficha, ni kazi mara mbili kwenye wiki ambazo hata kula hamli, makarani watanung'unika na wana haki, watengewe posho. Mkishindwa kabisa, fanyeni sambamba kwa ghala moja tu. Na ikiwa kanuni hazijathibitishwa ifikapo Septemba, maliza msimu na ya zamani ukiwa na nakala mkononi, uhame msimu ujao. Kubaki hivihivi bila nakala na bila mpango ndiyo njia nisiyoiunga mkono hata kidogo. Kwa hiyo usiende kwenye bodi kusema hapana. Nenda na jaribio la msimu uliopita kama sharti, uone nani atakuita mpinga maendeleo.

Kuna mambo hayamalizwi kwa maandishi. Kabla bodi haijasaini, nenda mwenyewe ofisi ya Mrajisi Msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa, Mtwara mjini, uulize mfumo huo unaruhusiwa na unaongeaje na MUVU, ambao ni mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika wenyewe. Usije ukajikuta unaingiza kila kitu mara mbili. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, mweleze mapema kwamba mnahama, aone kanuni zenu za senti na unyaufu kabla ya msimu, si baada. Na kompyuta ikigoma kuwaka kabla hujatoa nakala, izime, iache, tafuta mtu wa kuokoa data aje aione. Kila mnapojaribu kuiwasha mnaweza kuharibu zaidi.

Na ikitokea mfumo wowote, wa zamani au mpya, ukasema kuna upungufu kwako: usitie saini karatasi ya kukubali, na usifidie kutoka mfukoni ili mambo yatulie. Wengi wa wale wa Posta walianzia hapo, wakasaini hesabu wasizoziamini ili tawi lifunguliwe kesho yake, na saini hizo zikaja kusomwa mahakamani. Andika barua siku hiyohiyo, uombe kumbukumbu za maingizo yote ya kipindi husika, nakala kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Ukiitwa kituoni usiende peke yako. Wasaidizi wa kisheria wapo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na watakusikiliza, lakini kwa kesi ya fedha za chama tafuta wakili, na lile faili la saini mbili lifike kwake kabla wewe hujaandika maelezo popote.